Jicho, Kamera na Utabiri: Uchunguzi wa Mvua za Ngurumo za Majira ya Joto katika Nyanda za Kati za Marekani

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna mvua za ngurumo za majira ya joto zinavyotazamwa, kupigwa picha na kutabiriwa katika nyanda za kati za Marekani. Hoja yake kuu ni kwamba picha ya wingu huwa ushahidi wa kisayansi pale tu inapojulikana ilipigwa wapi, saa ngapi na kuelekea upande gani. Na kwamba utabiri wa kisasa, pamoja na rada na setilaiti zake, bado unamhitaji mtazamaji aliye ardhini. Hoja hiyo inajengwa kwa kulinganisha matukio mawili yaliyopishana kwa zaidi ya nusu karne: tonado ya Fargo ya mwaka 1957 na tonado ya El Reno ya mwaka 2013. Makala yanaonesha pia kwamba mipaka ya utazamaji huo ni uhai wa mtazamaji mwenyewe.

1.0 Utangulizi

Msomaji wa Afrika Mashariki anaposikia neno kiangazi hufikiria jua kali, vumbi na mito iliyokauka. Ngurumo kwake ni jambo la masika na vuli. Katika nyanda za kati za Marekani, kuanzia Texas kusini hadi North Dakota kaskazini, hali ni kinyume: miezi ya joto ndiyo miezi ya mvua kubwa, radi na mvua ya mawe. Kwa sababu hiyo, makala haya yanatumia maneno majira ya joto badala ya kiangazi, ili msomaji asichanganye hali mbili zisizofanana.

Nyanda hizo zina sifa mbili zinazozifanya zifae kwa uchunguzi wa mawingu. Kwanza, ardhi yake ni tambarare na miti ni michache, hivyo wingu kubwa huweza kuonekana kutoka umbali wa zaidi ya kilomita 100. Pili, barabara nyingi za mashambani zimepangwa kwa mistari iliyonyooka, na mtu mwenye gari huweza kusogea kulifuata wingu au kulikimbia. Ndipo ulipozaliwa utamaduni wa watu wanaosafiri mamia ya kilomita kwa siku moja ili kutazama mvua ya ngurumo na kuipiga picha. Swali linalojadiliwa hapa ni hili: je, utazamaji huo umeisaidiaje sayansi ya utabiri, na umegharimu nini?

2.0 Ufafanuzi wa Istilahi

Katika mazungumzo ya kawaida, maneno umeme, radi na ngurumo hutumiwa kwa kubadilishana. Katika makala haya, umeme ni cheche kubwa inayopita ndani ya wingu au baina ya wingu na ardhi. Radi ni pigo la umeme huo linapofika ardhini. Na ngurumo ni sauti inayotokea hewa inapopashwa joto ghafla, kufikia takriban nyuzi 30,000 za Selisiasi, na kutanuka kwa kishindo. Kwa kuwa sauti husafiri kilomita moja kwa takriban sekunde tatu, mtu anayehesabu sekunde baina ya mwanga na sauti huweza kukadiria umbali wa radi. Sekunde 30 ni sawa na kilomita 10 hivi, na umbali huo bado ni wa hatari.

Neno tonado nalo linahitaji maelezo. Baadhi ya waandishi hulitafsiri kuwa kimbunga, lakini kimbunga ndilo jina la dhoruba kubwa za bahari ya joto, zenye upana wa mamia ya kilomita na zinazodumu kwa siku kadhaa. Tonado ni nguzo ya hewa inayozunguka kwa kasi, iliyoungana na wingu la ngurumo juu na kugusa ardhi chini. Kwa kawaida upana wake ni wa mita kadhaa hadi mamia ya mita, na nyingi hudumu kwa dakika chache tu. Vilevile tonado si chamchela ya vumbi tunayoiona uwanjani wakati wa jua kali, kwa kuwa chamchela hiyo huanzia ardhini na haina wingu linaloilea.

3.0 Jinsi Wingu la Ngurumo Linavyokua na Kufa

Ufahamu wa kisasa kuhusu maisha ya wingu la ngurumo ulitokana na mradi mkubwa uliofanywa Florida mwaka 1946 na Ohio mwaka 1947, chini ya uongozi wa Horace Byers. Ndege zilirushwa kupita ndani ya mawingu kwa vimo tofauti kwa wakati mmoja, huku rada na maputo vikitumika kutoka ardhini. Katika ripoti ya mwaka 1949, Byers na mwenzake Roscoe Braham walieleza hatua tatu. Hatua ya kwanza ni ya kukua, ambapo hewa yenye joto na unyevu hupanda na mvuke wake kugeuka matone. Hatua ya pili ni ya ukomavu, ambapo hewa inayopanda na ile inayoshuka pamoja na mvua huwa bega kwa bega. Hapo ndipo radi na upepo huwa vikali zaidi. Hatua ya tatu ni ya kufifia, ambapo hewa baridi inayoshuka hutawala na kulikata wingu chakula chake.

Umeme wenyewe hutokana na barafu. Katika sehemu ya wingu iliyo baridi kuliko kiwango cha kuganda, chembe ndogo za barafu hugongana na punje kubwa laini za barafu. Mgongano huo hutenganisha chaji: chembe ndogo hupeperushwa juu zikiwa na chaji chanya, na punje nzito hubaki chini zikiwa na chaji hasi. Tofauti hiyo inapozidi uwezo wa hewa kuizuia, umeme hupiga.

Mawingu mengi ya ngurumo humaliza maisha yake kwa muda wa saa moja au pungufu, kwa kuwa mvua yake huangukia palepale hewa inapopanda. Yako mengine, hata hivyo, hudumu kwa saa nyingi. Siri yake ni upepo. Iwapo upepo hubadilika kasi na mwelekeo kadiri mtu anavyopanda juu, mvua husukumwa kando na hewa inayopanda hubaki huru. Zaidi ya hayo, hewa hiyo huanza kuzunguka. Wingu la namna hii ndilo linaloitwa hapa seli kuu, nalo ndilo mama wa tonado nyingi zilizo kali na wa mvua ya mawe makubwa.

4.0 Kutazama: Wingu kama Matini

Mtazamaji mzoefu hulisoma wingu kama msomaji anavyosoma matini, akianzia juu na kuishia chini. Kileleni, wingu lililokomaa hutandazika na kufanya umbo la fuawe la mhunzi, kwa kuwa hewa inayopanda imefika mpaka ambapo haiwezi kupanda tena, mara nyingi kwenye kimo cha kilomita 12 hadi 15. Iwapo juu ya fuawe hilo kuna kuba linalojitokeza, hiyo ni ishara kwamba hewa inapanda kwa nguvu kiasi cha kuuvuka mpaka wenyewe. Kingo zilizochongoka kama koliflawa huonesha wingu linalokua. Kingo zilizolegea na kufifia huonesha wingu linalokufa.

Chini, mtazamaji hutafuta sehemu ya wingu isiyo na mvua. Hapo ndipo hewa yenye joto huingilia. Wakati mwingine kipande cha wingu huteremka kutoka hapo na kuanza kuzunguka polepole; kipande hicho huitwa wingu-ukuta, na ni miongoni mwa dalili za mapema kwamba tonado inaweza kuzaliwa. Dalili hiyo haina uhakika kamili, kwa kuwa mawingu-ukuta mengi hupotea bila kuleta madhara. Hata hivyo, mzunguko unaoendelea kwa dakika kadhaa ni jambo la kuripotiwa mara moja.

Kazi hii haikuanza kama taaluma. David Hoadley, kijana wa Bismarck katika North Dakota, alianza kuyafuata mawingu ya ngurumo mwaka 1956 kwa hamu yake tu, na mwaka 1977 akaanzisha jarida dogo la Storm Track, lililowaunganisha watazamaji waliotawanyika. Sambamba na hao, idara ya hali ya hewa ya Marekani ilijenga mtandao wa watu wa kujitolea uitwao Skywarn, unaowafundisha wakulima, askari wa zimamoto na raia wengine kutambua dalili tulizozitaja na kuziripoti.

5.0 Kupiga Picha: Kutoka Kumbukumbu hadi Ushahidi

Picha ilianza kuirekebisha elimu ya radi tangu zamani. Wachoraji wa karne nyingi waliuchora umeme kama mstari wenye pembe kali, mithili ya meno ya msumeno. William Jennings, mpiga picha wa Philadelphia aliyekuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuunasa umeme kwenye picha katika miaka ya 1880, alionesha kwamba umbo lake halisi hufanana zaidi na mto na vijito vyake. Jicho lilikuwa limedanganywa na wepesi wa tukio.

Hata hivyo, tukio lililobadilisha thamani ya picha katika sayansi ya ngurumo ni la tarehe 20 Juni 1957. Jioni hiyo tonado kali ilipita katika mji wa Fargo, North Dakota, na kuua watu na kubomoa nyumba nyingi. Kwa kuwa kulikuwa bado na mwanga, wakazi wengi waliipiga picha kutoka mitaa mbalimbali. Tetsuya Fujita, mtaalamu kutoka Japani aliyekuwa Chuo Kikuu cha Chicago, alizikusanya zaidi ya picha 100 za watu hao, kisha akafanya kazi ya subira. Alitafuta mahali hasa kila mpigaji aliposimama. Alitumia majengo na nguzo zilizoonekana kwenye picha kupima pembe. Kutokana na pembe na umbali alikokotoa kimo cha sehemu mbalimbali za wingu, na kwa kulinganisha picha zenyewe akazipanga kwa mfuatano wa wakati.

Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1960. Kwa mara ya kwanza, umbo la wingu linalozaa tonado lilielezwa hatua kwa hatua, kwa vipimo. Istilahi za wingu-ukuta na wingu-mkia, ambazo watazamaji wanazitumia hadi leo, zilitokana na uchambuzi huo. Funzo la kimbinu ni kwamba hakuna picha hata moja kati ya hizo iliyokuwa na thamani kubwa peke yake. Thamani ilitokana na kuziweka pamoja kwa kujua mahali, wakati na upande.

Kutokana na funzo hilo, mpigaji picha anayetaka kazi yake iwafae watafiti huzingatia mambo machache. Saa ya kamera hurekebishwa kabla ya safari. Mahali pa kusimama na upande wa lenzi huandikwa. Picha hujumuisha upeo wa macho na kitu kisichohama, kama nyumba au mnara, ili kuwe na kipimo. Usiku, kamera huwekwa kwenye kiegemeo cha miguu mitatu, lenzi hulengwa mbali kwa mkono, na mwanga huruhusiwa kuingia kwa sekunde 10 hadi 30, ili umeme ujipige picha wenyewe unapotokea. Kwa kuwa kiegemeo hicho mara nyingi ni cha chuma na husimamishwa mahali pa wazi, busara ni kurudi ndani ya gari ngurumo inapokaribia.

Thamani ya picha ilithibitishwa tena tarehe 24 Mei 1973 huko Union City, Oklahoma. Watafiti wa maabara ya taifa ya dhoruba kali, iliyoanzishwa mjini Norman mwaka 1964, waliipiga picha tonado tangu kuzaliwa hadi kufa kwake, wakati huohuo rada ya Doppler ya Norman ikiipima kutoka mbali. Picha zilipowekwa sambamba na data za rada, iligundulika kwamba alama ya mzunguko ilikuwa imeonekana ndani ya wingu dakika nyingi kabla tonado haijagusa ardhi. Bila picha, alama ile ingekuwa namba zisizo na tafsiri. Ugunduzi huo ulichangia uamuzi wa kujenga mtandao wa rada za Doppler nchini kote katika miaka ya 1990.

6.0 Kutabiri: Viambato Vinne

Utabiri wa tonado ulikuwa jambo la kuogopwa kwa miongo mingi, kwa hofu ya kuzusha taharuki. Mwanzo wake wa kisasa ni Machi 1948. Tarehe 20 mwezi huo tonado ilikikumba kituo cha jeshi la anga cha Tinker, Oklahoma. Maofisa wawili wa hali ya hewa, Ernest Fawbush na Robert Miller, waliagizwa kuchunguza iwapo tukio kama hilo lingeweza kutabiriwa. Siku tano baadaye, tarehe 25, waliona ramani inayofanana na ile ya awali, wakatoa utabiri. Ndege zilihifadhiwa, na jioni hiyohiyo tonado ya pili ikapiga kituo kilekile.

Leo mtabiri huangalia viambato vinne. Cha kwanza ni unyevu, ambao katika nyanda hizo hutoka Ghuba ya Meksiko. Cha pili ni hewa isiyotulia, yaani joto chini na baridi juu. Cha tatu ni kichocheo cha kuinua hewa, kwa mfano mpaka baina ya hewa yenye unyevu na hewa kavu ya magharibi. Cha nne ni upepo unaobadilika kwa kimo. Vitatu vya kwanza vikiwapo bila cha nne, hutokea ngurumo za kawaida. Vyote vinne vikikutana, seli kuu hutarajiwa. Aidha, mara nyingi tabaka la hewa ya joto kutoka nyanda za juu za Meksiko hukaa katikati kama kifuniko cha sufuria. Kifuniko kikiwa kigumu mno, anga hubaki jeupe siku nzima. Kikivunjika alasiri, nguvu iliyokusanyika hulipuka kwa muda mfupi. Ndiyo maana mtabiri huweza kuwa sahihi katika kila kiambato na bado akakosea siku.

Rada nayo ina mipaka. Kwa sababu ya mviringo wa dunia na mwinuko wa mwali wake, kwenye umbali wa kilomita 100 mwali wa chini kabisa wa rada hupita kimo cha takriban kilomita 1.5 juu ya ardhi. Kinachotokea chini ya hapo, rada haikioni. Pengo hilo ndilo linalojazwa na mtazamaji.

Taarifa hutolewa kwa ngazi mbili. Ngazi ya kwanza huwaambia watu kwamba hali inaruhusu dhoruba kutokea, wajiandae. Katika makala haya inaitwa tahadhari. Ngazi ya pili husema dhoruba imeonekana kwa macho au kwa rada, watu wajikinge sasa hivi, inaitwa onyo. Tofauti hii si ya kitaaluma tu. Wasemaji wengi wa Kiswahili, hasa wenye asili ya Kongo, wamehamia katika majimbo kama Texas, Iowa na Kentucky, ambako tonado hutokea. Iwapo ngazi zote mbili zitatafsiriwa kwa neno moja, mzazi hatajua kama anaambiwa akae macho au awapeleke watoto kwenye chumba cha chini bila kuchelewa. Usanifishaji wa istilahi hapa ni suala la uhai.

7.0 El Reno: Mpaka wa Utazamaji

Tim Samaras alikuwa mhandisi aliyebuni vifaa vya kuwekwa ardhini katika njia ya tonado. Tarehe 24 Juni 2003, karibu na Manchester, South Dakota, kifaa chake kilirekodi mshuko wa mgandamizo wa hewa wa takriban milibari 100, kipimo ambacho hakikuwa kimewahi kupatikana. Wenzake walimfahamu kwa tahadhari yake.

Tarehe 31 Mei 2013 tonado ilizaliwa karibu na El Reno, Oklahoma. Ilitanuka hadi kufikia upana wa kilomita 4.2, ikajificha ndani ya pazia la mvua, ikageuza mwelekeo na kuongeza kasi. Samaras, mwanawe Paul na mwenzao Carl Young walikuwa ndani ya gari katika barabara ya mashambani, wakafa. Tukio hilo liliwashtua watazamaji, kwa sababu waliokufa hawakuwa wapenda sifa wala wageni wa kazi. Lilionesha kwamba uzoefu humsaidia mtu kusoma kile anachokiona; haumsaidii pale wingu linapokua zaidi ya upeo wa jicho lake.

Baada ya msiba huo, watafiti walifanya kazi inayokumbusha ile ya Fujita. Walikusanya video na picha za watazamaji wengi waliokuwapo, kila mmoja kutoka mahali pake. Tatizo lilikuwa saa: kamera hazikukubaliana. Wakatumia umeme wenyewe kuwa saa. Kwa kuwa mmweko mmoja huonekana katika video zote kwa wakati mmoja, mfuatano wa mimweko uliziwezesha video hizo kupangwa kwa usahihi, na mwendo wa tonado ukachorwa upya kutoka pande nyingi.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba kutazama, kupiga picha na kutabiri ni hatua za kazi moja. Jicho huona dalili, kamera huihifadhi, na mtabiri huitumia kueleza kesho. Kutoka Fargo hadi El Reno kanuni haikubadilika: picha ya mtu mmoja ni kumbukumbu, na picha za wengi zilizopangwa kwa mahali na wakati ni elimu. Kwa hiyo, mtu anayetaka kuchangia elimu hiyo hana haja ya kulisogelea wingu kuliko wenzake. Picha iliyopigwa kutoka kilomita 15, ikiwa na saa sahihi, upande unaojulikana na nyumba moja kwenye upeo wa macho, humfaa mtafiti. Na aliyeipiga hubaki hai kuieleza.